Upande Mmoja wa Santuri

Masta Eikichi alioa kati ya upande mmoja wa santuri na wa pili. Nilikuwepo, nimevaa kimono cha kuazima. Aliweka sindano kwenye santuri, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akakata kona hadi hekaluni, akanywa vile vikombe vya sake wanavyokunywa maharusi, akamwinamia kuhani, akamwinamia mama mkwe. Mama mkwe naye akainama. Alipoinuka alikuta anauheshimu mkeka mtupu; mkwewe alikuwa amesharudi kaunta anageuza upande wa pili. Wateja hawakujua kama mwenye kafe ameoa. Walikuwa wamefumba macho.

Kafe yenyewe inaitwa Korongo, hapahapa mjini Yokote, imeshikana ukuta na kibanda changu cha kukaushia figili kwa moshi. Si kafe ya kupigia soga. Unaingia, unaagiza kahawa kwa kidole, unaandika kwenye kikaratasi santuri unayoitaka, unakaa, unafumba macho. Kuzungumza ni marufuku. Masta aliandika hivyo mwenyewe kwa brashi, akatundika ukutani. Kufungua macho santuri ikiwa inapigwa hakujakatazwa popote, lakini ni tusi. Ni kama kusukuma bakuli la wali mbele ya mpishi anayekutazama.

Santuri zake ni za jazi, za mono, za zamani zile, kabla watu hawajaanza kugawa sauti, tarumbeta sikio hili na ngoma sikio lile. Ya mono inakujia sauti nzima usoni, kama mtu aliyefungua mlango na kusimama hapo. Mimi nilidhani sindano ni sindano tu. Wapi. Mfereji wa santuri ya mono ni mpana, na sindano yake inatakiwa iwe na unene wake. Ukiwekea ile nyembamba ya stirio, inazama mpaka chini kabisa na kuanza kuchokora uchafu wa miaka yote, ukawa unasikia tarumbeta na nyuma yake mtu anakaanga karanga. Sindano ya mono inasikia kinachokwenda kushoto na kulia basi. Vumbi likiirusha juu na chini, haina habari.

Kichwa cha sindano cha Masta kilikuwa kizee sawa na santuri zenyewe. Kilikuwa kizito, na ndani yake kulikuwa na kipande cha mpira kilichokwisha kuchoka. Baridi ikiingia mpira unakakamaa, sauti inakuwa ya mbuzi mwenye mafua. Kwa hiyo kabla ya kila upande Masta alikichomoa kichwa kile, akakifumbata kiganjani mpaka kipate joto, akakirudisha kwenye mkono wa mashine, akabandika sarafu ya yeni moja juu yake ili kiongezeke uzito, kisha akakishusha polepole kama anayelaza mtoto. Hakuna mwingine aliyeweza. Mkono wake wa kulia ulikuwa na moto kiasi kwamba theluji ilikuwa haimwangukii upande ule. Ilipinda, ikamwangukia jirani. Jirani nilikuwa mimi.

Sasa santuri haingoji. Upande ukiisha, sindano inabaki inakwaruza pale katikati, kwaru, kwaru, na wateja wanaanza kukunja uso. Kwa hiyo maisha ya Masta yote yalikatwa vipande vya urefu wa upande mmoja. Bafu la mtaa alioga kwa upande mmoja, akarudi na sabuni masikioni. Kinyozi alimnyoa kushoto santuri ikiwa upande wa kwanza, kulia ikiwa upande wa pili, na mteja akiingia katikati alihudumiwa na mtu mwenye nusu kichwa. Ukimwona barabarani anakimbia hukuuliza kuna nini. Mji mzima ulikuwa unajua mwisho wa kamba yake uko wapi: katikati ya daraja la mto. Kutoka kafe hadi pale, na kurudi, ndio upande mmoja.

Baba yake alipofariki, alifuata msafara hadi pale. Tanuri la kuchomea maiti liko ng'ambo. Alisimama katikati ya daraja akilitazama lile gari linavyokwenda, halafu nikaona kichwa chake kinalala kidogo upande, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Akageuka, akakimbia. Hapo sijatia chumvi.

Mke wake, Tazu, alimvumilia. Mwanamke mrefu, mcheshi, mtoto wa wakulima wa matufaa wa Hirosaki, mbali sana ng'ambo ya mto. Jioni moja alimwona mume amechoka hadi amejishikiza kaunta, akamwambia kaa, leo naweka mimi. Akakipasha moto kile kichwa, akabandika sarafu, akashusha. Mimi nilikuwa nimeleta figili, nikaona kila kitu. Alikishusha vizuri. Lakini Mzee Onodera, aliyekuwa mkuu wa kituo cha treni mpaka alipostaafu, mteja wa kiti cha mbele tangu kafe ifunguliwe, akafungua macho.

Alifungua tu, akatazama mbele, akafumba tena. Tazu akavua aproni. Kesho yake alisema anakwenda kumwangalia mama yake, nyonga zinamsumbua. Nyonga za mama zilipona, Tazu hakurudi. Majira ya baridi yalipita, na mengine, na mengine. Masta alikuwa anampigia simu, lakini simu nayo ilibidi iishe na upande, na mara nyingi ilikatika Tazu akiwa katikati ya neno.

Basi mwaka ule, vuli ikiwa imeingia, ndugu yake Tazu, Genpachi, alileta matufaa kwa lori kama kawaida yake. Safari hii hakushusha masanduku kwanza. Alikuja mlango wa nyuma, akamkuta Masta anasugua vikombe, mimi nipo nimeegemea ukuta wangu.

"Shemeji, dada kanituma. Kasema nisipunguze neno. Kasema hataki simu, hataki zawadi. Vuka daraja uje umchukue mwenyewe kabla theluji haijakaa. Usipokuja, atajua umeoa hiyo mashine, na yeye ataacha kungoja."

Masta aliuliza kama Tazu alikuwa amekasirika alipokuwa anasema.

"Alikuwa anacheka," Genpachi akasema. "Ndiyo maana mimi nimeogopa."

Masta akatazama milimani, huko theluji inakoanzia. Kisha akasikia upande unaisha, akaingia ndani.

Kama ingekuwa hadithi yangu ya kutunga, angefunga kafe siku hiyohiyo. Lakini hamjui kafe ya namna hii. Wale wazee hawana pengine. Mzee Monma, fundi wa mikeka ya tatami, mjane, sikio moja halisikii, alikuwa anakuja kila siku baada ya kazi, na nyumbani kwake hakuna hata redio. Siku moja Masta alipougua homa akafunga, Monma alikaa nje kwenye ngazi mpaka jioni, amefumba macho. Masta alimwona kupitia dirisha la juu. Hakufunga tena.

Halafu, wiki hiyohiyo, ule mpira ukafa. Santuri ilikuwa inaimba, ghafla mwanamuziki akawa kama anasukutua maji kooni. Wazee wote wawili wakafungua macho kwa pamoja. Masta akasimama na kichwa kile kiganjani, anakipasha, anakipasha, kama mtu aliyeshika kifaranga kilichokwisha kufa.

Ikabidi achague kipya. Muuza vyombo vya muziki wa mji wa Sendai, bwana mmoja anaitwa Tsuburaya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaja na vichwa viwili ndani ya soksi. Kimoja kilikuwa ndugu wa kile kilichokufa: kizito, cha zamani, hakijatumika, na mpira wa aina ileile. Cha pili kilikuwa kipya, cha mono vilevile, sindano yenye unene uleule, lakini chepesi, mpira wake haujali baridi wala joto. Hicho unasukuma kijiti kwenye mkono wa mashine, mkono unashuka wenyewe. "Hiki hata paka anaweza kukiweka," Tsuburaya akasema, na nikamwona Masta anakitazama kama mfungwa anavyotazama dirisha.

Wakasikiliza. Wazee wamefumba macho, Tsuburaya anabadilisha, hasemi kipi ni kipi. Ile nzito ilipopigwa, hata mimi nisiyejua kusoma jina langu nilihisi mtu kaingia chumbani. Ile nyepesi, mtu yuleyule aliingia, lakini alivua viatu kwanza. Tofauti ndiyo hiyo. Santuri ilipoisha, Onodera akainua kidole kwa ile ya kwanza. Monma akainua kidole kwa ile ya kwanza. Wakatoka zao, kila mtu na mwavuli wake.

Masta akakaa kwenye kreti nyuma ya kafe.

"Wamechagua nzito," akaniambia.

"Nimeona."

"Kwa hiyo nitaipasha moto mpaka nife."

"Na wewe ulichagua ipi?"

"Ile ya paka," akasema.

Tsuburaya alikuwa ameviacha vyote viwili, kama desturi ya wauzaji wa vitu hivyo, mtu azoee kwanza ndipo aseme. Nikamwambia Masta, sikiliza, paka sina, lakini mimi nina mikono. Akaniangalia juu hadi chini.

"Bi Toku, wewe hujui kusoma. Wataandika vikaratasi. Utawapigia nini?"

"Nitawapigia yenye picha nzuri. Wamefumba macho, wana kipingamizi gani?"

"Watakuona."

"Wakifungua macho. Na wakifungua, wamejitukana wenyewe."

Hakucheka. Alisema Onodera atajua papo hapo, alijua kwa Tazu, atajua na kwangu, na akijua atafungua macho, na Monma atafungua, na hapo kafe imekufa, na yeye atakuwa amepoteza mke na kafe kwa siku moja. Nikamwuliza mke anaye sasa hivi? Akainuka kwenda kugeuza santuri, ingawa wazee walikwisha kuondoka.

Lakini usiku huo nilisikia kupitia ukuta anasukuma kitu kizito. Asubuhi nikaona amechagua. Alikuwa amefunga kile kichwa chepesi. Na kwa sababu mono inatosheka na spika moja, aliiacha moja pembeni ndiyo iimbe, na ile nyingine, kubwa kama kabati la harusi, akaivuta mbele ya kaunta. Haikuwa na kazi yoyote ya muziki. Kazi yake ilikuwa kunificha mimi.

Alinifundisha kati ya upande na upande. Pangusa, weka, sukuma kijiti. Kahawa unapitisha kwa pembeni, mkono tu uonekane. Nilivaa mkono wa shati lake. Siku iliyofuata, wazee walipokaa na kufumba macho, Masta mwenyewe aliweka upande wa kwanza, akavaa koti, akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Akasimama hapo. Upande ukafika katikati, yuko hapo. Ukakaribia mwisho, yuko hapo, kichwa kimelala upande. Nikaugeuza mimi, na yeye anaangalia. Hakuna jicho lililofunguka. Ndipo akatoka.

Yaliyotokea ng'ambo nimeyasikia kwa Genpachi na kwa Tazu, na nimewaongezea kidogo pale waliposahau. Genpachi alikuwa anamngoja na lori upande wa pili wa daraja. Anasema Masta alikuja anatembea vizuri hadi katikati, kisha miguu ikageuka yenyewe. Mwili unaangalia Hirosaki, miguu inaangalia kafe. Ilibidi Genpachi amfuate, amshike kiuno, ambebe kama gunia. Mpaka kwenye lori viatu vilikuwa bado vinakimbia.

Hirosaki walimpokea. Mama mkwe alimwandalia supu ya miso na samaki wa kuchoma. Akala kidogo, akasimama. Mkono wa kulia ukaenda mbele, ukashika hewa, ukaigeuza taratibu, ukaishusha. Akakaa. Baada ya muda akasimama tena. Mama mkwe akamwonyesha choo kilipo. Shambani alikuwa juu ya ngazi anachuma matufaa, upande ukaisha kichwani mwake, akashuka, akageuza hewa, akapanda. Hata usingizini. Tazu anasema alilala naye siku hizo kama mtu aliyelala na saa ya ukutani.

Hakumwambia turudi wala tubaki. Tazu naye hakumwuliza. Alimngoja tu siku moja Masta aliposimama, akaushika ule mkono wa kulia, mkono wa moto, akaubana kati ya mikono yake miwili mpaka upande ukapita. Masta alitoka jasho. Alimwambia kwaru, kwaru, unasikia? Tazu akamwambia, nasikia, acha ikwaruze.

Theluji ikafunga barabara na njia ya treni. Alikusudia kukaa kidogo. Akakaa mpaka figili zangu zikaungua.

Maana mimi nilikuwa nimefungwa nyuma ya ile spika. Nilidhani ni mchezo. Chooni unakwenda kwa upande mmoja, na umri wangu huu hautaki haraka. Kukohoa hakuna. Nilijifunza kupiga chafya kuelekea ndani. Mara moja ilinitoka kisogoni. Kibandani kwangu moto unahitaji kuangaliwa, na kila nilipoanza kuchochea kuni nilisikia mwisho wa santuri kupitia ukutani. Ilifika mahali nikienda sokoni asubuhi kabla ya kufungua najikuta nimesimama mbele ya muuza tofu, kichwa kimelala upande. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia nangoja.

Vikaratasi vya maombi nilivipanga vizuri chini ya kopo la kahawa bila kujua vinasema nini. Aliyeomba tarumbeta alipata piano. Aliyeomba piano alipata jalada la samawati, maana nililipenda. Wazee wakatikisa vichwa vyao vilevile, pole pole, macho yamefumbwa. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo walivyo, ungewapigia hata sufuria.

Walirudi mchana, theluji inaanguka. Santuri ilikuwa katikati ya upande. Nikasikia mlango wa mbele unafunguka, nikachungulia pembeni ya spika: Masta, na nyuma yake Tazu, na sanduku la matufaa katikati yao. Masta akafungua mdomo. Mzee Onodera, bila kufungua macho, akainua kidole kimoja: nyamaza.

Basi wakasimama. Mwenye kafe na mkewe, mlangoni, theluji inayeyuka mabegani inadondoka kwenye mkeka, hawawezi kuingia wala kutoka, mpaka upande uishe. Niliona kichwa cha Masta kinaanza kulala upande, mkono wa kulia unaanza kupanda. Tazu akamtia sanduku zima mikononi.

Upande ukaisha. Kwaru, kwaru.

"Bi Toku," Onodera akasema, macho bado yamefumbwa, "geuza."

Nilibaki nimeshika kitambaa. Masta ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, tangu lini wanajua.

"Siku ya kwanza," Monma akasema. "Sikio langu bovu, pua nzima. Masta hanuki moshi wa figili."

"Na mbona hamkusema?"

Onodera akanyoosha kidole ukutani, kwenye yale maandishi ya brashi. Masta akayatazama kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine.

"Ile nzito ndiyo nzuri," Onodera akaendelea, maana sasa alikuwa ameshavunja amri na aliona heri amalize. "Bado ndiyo nzuri. Na huyu mama nimemwomba tarumbeta siku zote hizi, ananipa piano. Lakini tumezoea."

Tazu akavua viatu, akaenda mbele ya meza ya Onodera, akasimama.

"Mzee, siku ile nilipoweka mimi. Mbona ulifungua macho?"

"Siku ipi?"

"Kabla sijaondoka. Nimeweka santuri, ukafungua macho."

Onodera akafikiri. Akamgeukia Monma, Monma akainua mabega. Mzee alijaribu kwa kweli, nilimwona, alikunja uso kama anatafuta treni ya zamani kwenye ratiba. "Sikumbuki," akasema. "Labda nilikuwa nakuangalia tu."

Nilidhani Tazu atamrushia tofaa. Alisimama vile muda mrefu, na ile sindano inakwaruza, hakuna aliyethubutu kuigusa. Kisha akaja nyuma ya spika, akanisogeza kwa nyonga, akachomoa kile kichwa chepesi, akakiweka kando. Akachukua kile kizito, akakifumbata kiganjani. Alikipasha moto bila haraka. Akabandika sarafu ya yeni, akashusha.

Mtu akaingia chumbani na viatu vyake.

Hakuna jicho lililofunguka. Masta alikuwa bado mlangoni na sanduku mikononi, hana pa kwenda ndani ya kafe yake mwenyewe. Akaliweka chini. Akakaa kiti cha wateja, kwa mara ya kwanza tangu afungue, na akakaa kimakosa, macho wazi, anaitazama kaunta.

Sasa wanapokezana, yeye na Tazu, na mimi siku wakichoka nawawekea kwa kile cha paka. Ile spika ya pili imerudishwa pembeni, haisemi kitu. Masta ana ruhusa ya kwenda anakotaka. Kila jioni anavaa koti, anakwenda hadi katikati ya daraja, anasimama. Kichwa kinalala upande, anageuka, anarudi kwa haraka, anaingia kwa mlango wa nyuma na kukuta santuri imeshageuzwa. Siku ambazo mimi ndiye niko kaunta, Tazu hufuatana naye. Ukiwa na macho mazuri utawaona pale juu ya mto: mwanamke mrefu amekamata mkono wa koti la mume kwa mikono miwili, anamvuta kuelekea ng'ambo, na viatu vya mume vinateleza juu ya theluji, ncha zake zikiwa zimeelekea huku.